Shajara ya kijitabu cha neno moja: "thrill", kutoka tundu hadi msisimko

Hii ni shajara ya kijitabu cha kurasa 12 ninachokitengeneza kwa ajili ya klabu ya Kiingereza ya shule ninayofundisha hapa Tanga. Kijitabu kizima ni cha neno moja tu, "thrill": limetoka wapi, limepitia maana gani, na sisi tuliseme vipi kwa Kiswahili. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika, ili mwalimu mwingine akitaka kufanya hivi kwa neno lake ajue pesa zilikwenda wapi na nilipokosea ni wapi.

Jumamosi, 11 Januari 2025: swali na bajeti

Kabla ya kufunga shule mwaka jana, binti mmoja wa Kidato cha Pili aliniletea barua ya pongezi ambayo kaka yake alitumiwa na chuo cha nje. Ilianza na "We are thrilled". Akauliza: "Mwalimu, hawa wamefurahi au wameogopa?" Nikamjibu wamefurahi. Akasema kaka yake alifungua kamusi akakuta kutetemeka, na filamu za kutisha nazo huitwa kwa neno hilohilo. Nikamwahidi kwamba shule ikifunguliwa nitamletea jibu, maana siku ile sikuwa nalo.

Mpango: kurasa 12 za ukubwa wa nusu karatasi ya A4, yaani karatasi tatu zilizokunjwa na kubanwa katikati. Nakala 40. Bajeti shilingi 60,000 kutoka mfukoni mwangu. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nataka kijitabu kiwe mikononi mwa wanafunzi kabla ya Ramadhani.

Jumapili, 19 Januari: maneno yetu kwanza

Nilianzia nyumbani. Jumamosi niliandika ubaoni: "Jambo kubwa limetokea ghafla, mwili unahisi. Unasemaje?" Wakamimina: mzuka, munkari, jazba, hamasa, msisimko, taharuki, kiherehere, mshawasha, shauku. Mmoja akasema "malaika yamenisimama", darasa likacheka, wakidhani anazungumzia malaika wa mbinguni. Hakukosea hata kidogo. Laika ni kile kinyweleo laini cha mwilini, wingi wake malaika, na wazee wa pwani wanalitumia hadi leo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilichora jedwali, upande mmoja "thrill", upande wa pili maneno tisa yote, kana kwamba yana uzito mmoja. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alilitazama akaniambia: "Hamasa unatiwa ili ufanye jambo. Shauku unakuwa nayo kabla ya jambo. Unachokitafuta wewe ni kile kinachompata mtu bila kuombwa." Alikuwa sahihi, nikalifuta.

Nilipoyapanga upya kwa kuangalia neno linamfanyia nini mtu, kukajitokeza kitu ambacho sikukitarajia. Mzuka unatokana na kuzuka: ni pepo anayetokea ghafla, na kijana anayesema leo ana mzuka wa mechi anasema, bila kujua, kwamba kuna kitu kimemtokea. Jazba imetoka Kiarabu, kwenye neno la kuvuta; masufi waliitumia kwa roho inayovutwa kwa Mungu. Taharuki ina mzizi mmoja na haraka, mzizi wa mwendo. Munkari unakupanda, na mori nao unakupanda. Kwa hiyo tunatokewa, tunavutwa, tunasukwasukwa, tunapandwa. Msisimko peke yake ndio unaobaki kwenye ngozi: nimesisimka, na ile "-k-" inasema mwili umefanya wenyewe.

Swali langu likawa: Mwingereza yeye anafanywa nini?

Gharama hadi sasa: bando la intaneti, 3,000.

Jumapili, 2 Februari: wiki mbili kwenye njia isiyo yake

Naiandika hatua hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo itakayomponza mwingine.

Kiingereza kina neno "trill", ule mtetemo wa sauti ya ndege au wa mwimbaji anayechezesha noti mbili harakaharaka. "Thrill" nalo lina maana ya kutetemeka. Nikaamua ni ndugu. Niliandika kurasa tatu nzuri kuhusu sauti ya ndege inayogeuka kuwa mtetemo wa moyo, nikazipenda. Zote zilikuwa makosa. "Trill" imetoka Kiitaliano, "trillo", imeingia Kiingereza katika karne ya 17 pamoja na istilahi nyingine za muziki. Wakati huo "thrill" ilikuwa na umri wa miaka mamia.

Kilichoniokoa ni kuacha kutazama maneno jinsi yalivyo leo na kutafuta umbo la zamani kabisa la kila moja. Kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller inasomeka bure mtandaoni, na ile ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan pia. Nilipoifungua ya kwanza, nilikuta kitenzi "þyrlian": kutoboa. Kinatokana na nomino "þyrel", tundu. Nayo "þyrel" inatokana na "þurh", ambayo leo ni "through", kupita ndani hadi upande wa pili.

Basi hiyo ndiyo asili yake. Neno la furaha ya ghafla lilianza kama tundu.

Herufi ile ngeni, þ, ina sauti tunayoijua: th ya thelathini na thamani. Waingereza wa kale waliiandika kwa herufi moja. Maneno ya zamani yanayoanza na sauti hiyo hayakugeuka t tupu kirahisi, na hilo pekee lingetosha kunionya kwamba "trill" haina undugu na "thrill".

Mtoto wa "þyrel" anayeishi hadi leo yupo usoni mwa kila mtu: "nostril". Zamani iliandikwa "nosþyrl", yaani tundu la pua. Kiswahili kina tundu la pua, na kina pia mwanzi wa pua. Sisi tumeona bomba, wao wameona kitobo. Kulikuwa na neno jingine zuri zaidi, "eagþyrel", tundu la jicho, ambalo lilikuwa na maana ya dirisha. Hilo lilikufa. Waskandinavia waliofika Uingereza walikuja na lao, "vindauga", jicho la upepo, likashinda na kuwa "window". Haya mawili niliyaandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa 4, kwa sababu mwanafunzi akijishika pua anakuwa na neno lote kidoleni.

Mgeuko uliobaki ulikuwa wa mpangilio wa sauti. Kutoka "þyrlian" lilipatikana "thirl", kisha irabu na r zikabadilishana nafasi: "thirl" ikawa "thrill". Kiingereza kimefanya hivyo mara nyingi. Ndege alikuwa "bridd", leo "bird". Ya tatu ilikuwa "þridda", leo "third". Wanafunzi waliipokea hatua hii upesi kuliko zote, kwa sababu wanaijua Kinyume, ule mchezo wa kupindua silabi ili mdogo wako asielewe unachosema.

Gharama: bando jingine, 6,000. Kurasa tatu za "trill" nimezitupa.

Jumamosi, 15 Februari: mtu aliyehukumiwa na barafu "ya kusisimua"

Nilidhani kazi ngumu imekwisha na kilichobaki ni mifano. Nikachukua mahali patatu katika tamthilia za Shakespeare ambapo neno hili linatokea, nikawagawia wanafunzi watafsiri kwa kutumia msisimko na furaha.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, iliyochapishwa 1598, Falstaff anamuuliza mwana wa mfalme, baada ya kumtajia maadui wanaomjia, kama haogopi sana na kama damu yake "haithrill". Kundi liliandika "damu haikusisimki?" Inapita, ingawa ni woga na si furaha.

Ya pili ilianguka. Katika Measure for Measure kijana Claudio amehukumiwa kifo. Anaifikiria roho yake ikipelekwa kuishi katika eneo la barafu nene, na eneo hilo analiita "thrilling". Wanafunzi wakaandika: "eneo la kusisimua lenye barafu nene". Lilisomeka kama tangazo la utalii. Mtu anakufa, sisi tunampeleka matembezini. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kuiandika hivyo kwenye rasimu.

Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Katika King Lear bwana mmoja anamng'oa mzee macho. Mtumishi aliyelelewa na bwana huyo anashindwa kuvumilia, anachomoa upanga dhidi ya bwana wake mwenyewe, na anauawa. Mjumbe anayeleta habari anasema mtumishi alikuwa "thrill'd" na huruma. Kundi la tatu: "alifurahishwa na huruma". Binti aliyeniletea lile swali la kwanza alikataa kuisoma kwa sauti. Alisema haiwezekani mtu afurahi pale.

Nikawaambia waweke pembeni furaha na msisimko, warudi kwenye tundu. Tafsiri upya kwa kutoboa, kupenya, kuchoma. Dakika kumi baadaye tulikuwa na hizi: Claudio anakwenda kwenye "baridi inayopenya hadi mfupani". Mtumishi "alichomwa moyo na huruma". Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, maana sisi wenyewe husema maneno yamemchoma moyo, na baridi ya alfajiri kule Lushoto hatusemi inatuzunguka, tunasema inapenya.

Hapo ndipo mpangilio wa kijitabu ulipobadilika. Nilikuwa nimekipanga kuanzia maana ya leo kurudi nyuma. Nimekigeuza. Kinaanza na tundu. Kinafuata kitendo cha kutoboa kwa chuma. Kisha Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, na shairi lake la mwanamke aliyesalitiwa, ambamo upanga wa huzuni unautoboa moyo kwa ncha ya kumbukumbu. Kitenzi alichotumia ni "thirleth". Baada ya hapo baridi, woga na huruma za Shakespeare, mwili unaotetemeka kwa kuwa kitu kimeupenya, na mwisho kabisa furaha. Hadithi za kutisha na za upelelezi zilipata jina la "thriller" mwishoni mwa karne ya 19. Mwanafunzi akifika ukurasa huo, haimshangazi tena kwamba neno moja linabeba hofu na shangwe: kinachohesabiwa ni kwamba kimeingia.

Na Mwingereza akisema "I am thrilled" anasema kwa kauli ya kutendwa. Ametobolewa. Nimelipata jibu la swali langu la Januari.

Jumamosi, 1 Machi: nakala 40 za "pyrlian"

Niliandika kijitabu chote kwa mkono, nikakipeleka steshenari kuchapwa. Kuchapa kurasa 12 kwa 500, jumla 6,000. Kunakili karatasi 120 pande mbili kwa 150, jumla 18,000. Majalada 40 ya manila kwa 300, jumla 12,000. Nilikuwa na haraka, Ramadhani imefika na wanafunzi wanasubiri. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikasema chapa.

Nimefika nyumbani, nikafungua ukurasa wa 3. "Pyrlian". Ukurasa wa 4: "nospyrl". Ukurasa wa 5: "purh". Kila þ imekuwa p. Mchapaji aliona p yenye mkia mrefu juu na chini, akaandika anachokijua. Hana kosa. Sikumwambia kuna herufi ambayo hajawahi kuiona, na sikusoma kilichochapwa kabla ya kulipa. Kijitabu kinachosimamia hoja yake juu ya sauti ya th kilikuwa hakina th hata moja pale inapohitajika.

Jioni hiyo nilikumbuka habari ya Caxton, nikaisoma upya. William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, Westminster, mwaka 1476. Herufi za kuchapia zilitoka Bara la Ulaya, ambako þ haikuwapo kwenye visanduku vya mafundi. Wachapaji wakaweka th, au wakaweka y kwa sababu katika maandishi ya mkono ya zama zile zilikaribia kufanana. Ndiyo sababu mbao za kujifanya za kale huko Uingereza zina "ye" pale panapotakiwa "the". Herufi ilipotea kwenye lugha yao, kwa sehemu, kwa jambo lilelile lililotokea mezani pa steshenari ya mtaani kwetu. Habari hiyo imepata robo ukurasa.

Marekebisho, kwa atakayefuata: kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt, andika 0254 kwenye vitufe vya namba vya kulia, unapata þ. Ikiwa kompyuta haina vitufe hivyo, nakili herufi kutoka ukurasa wowote wa kamusi na kuibandika. Chapa mwenyewe. Peleka faili la PDF. Na toa nakala moja kwanza, isome yote ukiwa umekaa, ndipo uagize nyingine.

Nimezitoa pini nakala zote 40 ili kuokoa majalada. Yamepona 34.

Jumamosi, 8 Machi: mtobozano

Sikutaka wiki ipite bure, nikawasomea kutoka rasimu. Nilipofika kwenye "þyrlian" nikauliza: Kiswahili cha leo kinakifanyia nini kitenzi kutoboa? Wakajibu wote kwa pamoja: kutoboa ni kufanikiwa. Fulani katoboa maisha. Ni kweli, mtaani kutoboa kumetoka kwenye sindano na ukuta kukawa ni kupenya hadi upande wenye riziki. Kiingereza kilifuata tundu kikaenda kwenye hisia, sisi tunalifuata kwenda kwenye ushindi.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma, asiyesema sana, akanyoosha mkono. Baba yake mdogo alifanya kazi Mirerani, kwenye tanzanite. Akasema kule wana neno mtobozano. Wachimbaji wa mgodi huu wanachimba, wa mgodi wa jirani nao wanachimba, chini kule ardhini njia zinakutana na ukuta wa mwamba unatoboka. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kila upande ukidai mwamba ni wake. Alieleza kwa mikono, ngumi mbili zikisogeleana hadi zikagusana.

Nilirudi kwenye kamusi usiku huo. Lile umbo la zamani, "thirl", halikufa lote. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza na wa Uskoti waliendelea kulitumia kwa jambo hilo hasa: kutoboa ukuta wa makaa hadi kukutana na njia nyingine ya chini. Wachimbaji wa pande mbili za dunia, ambao hawakuwahi kusikiana, walilitaja kwa tundu tukio lilelile la gizani. Nimempa kijana huyo ukurasa wa 7 auandike yeye. Ameandika mistari 11. Nimerekebisha koma mbili tu.

Jumatano, 2 Aprili: mkono wa mjomba

Hili halikuwa kwenye mpango. Shule imefungwa, nikaenda Dar es Salaam kumpa mjomba mkono wa Idi. Figo zake zimeshindwa kazi tangu mwaka juzi. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara.

Nilimkuta kibarazani amekunja kanzu mkono wa kushoto. Juu kidogo ya kifundo cha mkono mshipa umetuna, mnene kama kidole changu kidogo, umepinda kama mzizi uliotokeza juu ya udongo. Pembeni yake kuna alama ndogondogo za sindano, nyingine kavu, nyingine bado nyekundu. Akaniambia: "Mjomba, weka vidole hapa."

Niliweka vidole vitatu. Nilitarajia mapigo. Haikuwa mapigo. Ilikuwa mtetemo usiokatika, laini na wenye nguvu, unakuja na kwenda bila kuacha, kama paka aliyelala mapajani akaanza kukoroma kwa raha. Nikaondoa mkono bila kutaka, kisha nikaurudisha.

"Unaitwaje huu?" nikauliza.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, akajibu kutoka jikoni: "Sisi kazini tunauita thrill."

Nikaketi.

Alinieleza huku anakatakata vitunguu. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha, hapo mkononi, ili damu yenye kasi ya ateri iingie kwenye vena na kuikuza iwe imara, iweze kuhimili sindano mbili nene za kila safari. Kiunganisho hicho kinaitwa fistula, na wagonjwa wengi hushtuka wakilisikia, kwa kuwa kwetu fistula inajulikana kama madhara ya uzazi. Kwa Kilatini ni bomba tu, au mwanzi. Damu inapokimbia kutoka kwenye ateri kuingia kwenye vena inavurugika na kuutetemesha ukuta wa mshipa. Mgonjwa hufundishwa kuugusa kila siku. Ukiwapo, njia iko wazi. Ukitoweka, huenda damu imeganda ndani, na ni kwenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja zamu. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi.

Akaongeza kwamba neno hilohilo wanalo kwa moyo. Moyo wenye vali mbovu hutoa mvumo unaosikika kwa chombo cha daktari. Samuel Levine, daktari wa Marekani, aliupanga mvumo huo kwa ngazi sita mwaka 1933, na kuanzia ngazi ya nne mkono unausikia ukiwekwa kifuani. Laennec, Mfaransa aliyebuni chombo hicho mwaka 1816, alikwisha kuufananisha mtetemo huo na koromo la paka. Niliposikia hilo nilitazama vidole vyangu, kwa sababu nilikuwa nimefikiria paka kabla sijamsikia yeye.

Nilikuwa nimekaa miezi mitatu na neno hili kwenye vitabu, na Falstaff wake anayeuliza kama damu "haithrill". Nikaliona lote kwenye mkono mmoja: vitobo vya sindano, mwanzi, damu inayopita hadi upande wa pili, na mtetemo. Mjomba hakujua kwa nini nimenyamaza. Nilipomweleza kwamba jina la mtetemo wake lilianza kwa kutoboa, alicheka kwa sauti, akasema: "Basi walionipa jina wananijua. Wiki hii peke yake nimetobolewa mara sita."

Ukurasa wa 11, uliokuwa na maneno ya kushukuru, nimeufuta. Pana mkono wa mjomba badala yake, kwa ruhusa yake, bila jina.

Jumamosi, 12 Aprili: toleo la pili

Nimechapa mwenyewe kwenye kompyuta ya shule. Nakala ya majaribio ilikuwa na makosa manne ya kawaida na þ zote zikiwa mahali pake. Karatasi 120, 18,000. Majalada sita mapya, 1,800. Pini, 1,500. Nimebana usiku mwenyewe na wanafunzi wawili.

Hesabu yote: bando 12,000 (nikijumlisha la mwezi wa Machi), kuchapa 6,000, toleo lililoharibika 30,000, toleo hili 21,300, kutuma nakala moja Dar kwa basi 3,000. Jumla 72,300. Nimepita bajeti kwa 12,300, na kosa la herufi moja peke yake limegharimu 21,300.

Tafsiri niliyoiweka kwenye jalada la nyuma baada ya kubadili mara nyingi: "thrill: kitu kinachopenya hadi mwili unasisimka, huzuni, woga, baridi au furaha." Neno furaha limewekwa mwisho kwa makusudi. Binti wa lile swali ndiye aliyepokea nakala ya kwanza. Alifungua ukurasa wa 4, akajishika pua, akacheka.

Nakala ya mjomba ilifika Jumanne. Amenipigia leo asubuhi. Amesomewa ukurasa wa 11 mara mbili, anataka nakala nyingine tatu za wenzake wa kitanda cha jirani, kwa sababu mmoja wao hana mazoea ya kujigusa mkono. "Mjomba," akaniambia, "niliugusa nilipoamka. Upo."